Temostati ya Nyuzi Ngapi? Joto la Injini Katika Nchi za Baridi Kali

Temostati ni valvu ndogo inayokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Ikifunga, maji yanayotoka kwenye injini hurudi humo humo kupitia njia fupi ya pembeni. Ikifunguka, hupelekwa kwenye rejeta yakapoe. Ndani yake mna kikombe cha shaba kilichojaa nta. Nta ikiwa ngumu, springi huibana valvu ikafunga. Ikiyeyuka hutanuka kwa nguvu, ikasukuma pini na valvu ikafunguka. Viwanda huchanganya nta iyeyuke kwenye joto lililokusudiwa, na joto hilo hugongwa kwenye kitako cha temostati: 71, 74, 82, 88, 91. Nyuzi hizo, kama zote katika makala haya, ni za Selsiasi. Kwenye vipuri vya Marekani huandikwa kwa Farenhaiti: 160 ndiyo 71, 180 ndiyo 82, na 195 ni karibu 91.

Kwa gari linaloishi pwani, tofauti kati ya namba hizo haisumbui sana. Kwa gari linalolala nje kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, namba hiyo hugusa oili, mafuta, hita na umri wa silinda.

Kwanza ieleweke namba yenyewe inasema nini. Temostati ya nyuzi 82 huanza kufunguka kwenye 82; hufunguka kabisa kama nyuzi 10 juu ya hapo. Katikati ya viwango hivyo hufunguka na kujibana kidogo kidogo, ikipitisha maji yanayotosha tu kuiweka injini mahali pake. Ikishafunguka yote, kazi yake imekwisha. Kuanzia hapo joto la injini linategemea rejeta, feni, pampu ya maji na kulanti, yaani kimiminika cha kupozea. Kwa hiyo temostati huweka kiwango cha chini cha joto la injini. Kiwango cha juu haikiwezi. Lori lenye rejeta iliyoziba likichemsha kwenye mlima Kitonga, Tanzania, kulifungia temostati ya nyuzi 71 kutalichelewesha kuchemsha kwa dakika chache tu. Wanaonunua temostati ya nyuzi za chini ili kutibu gari linalochemsha wanatibu pasipouma.

Magari ya mwanzo hayakuwa na kifaa hiki. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, haikuwa na temostati wala, ukiacha chache za mwanzo, pampu ya maji: maji ya moto yalipanda juu yenyewe, yaliyopoa yakashuka, na mzunguko ukaenda hivyo. Wakati wa baridi wenye magari walifunika rejeta kwa blanketi au kipande cha boksi ili injini ipate joto. Temostati za kwanza zilitumia kifuko cha bati laini chenye kimiminika kinachochemka upesi, kikavimba na kuvuta valvu. Kifuko hicho kilitoboka, na shinikizo la maji kwenye mifumo ya baadaye liliivuruga kazi yake. Ya nta, iliyobuniwa na Sergius Vernet nchini Marekani katika miaka ya 1930, haijali shinikizo, na ndiyo iliyobaki mpaka leo.

Namba 71 nayo ina historia yake. Kabla ya kulanti ya kisasa, madereva wa nchi za baridi walizuia maji yasigande kwa kuyachanganya na pombe. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, na ethanoli kwenye 78. Injini ikipata joto sana, pombe hupaa hewani na kuliacha gari na maji matupu usiku wa barafu. Ndiyo maana temostati za nyuzi za chini zilihitajika wakati ule, hata kwenye baridi kali. Ethilini glaikoli ilipoanza kuuzwa Marekani kwa jina la Prestone mwaka 1927, ikiwa haipai wala haichemki upesi, sababu hiyo ilianza kufa. Temostati ya nyuzi 71 iliyobaki madukani leo hununuliwa zaidi na watu wa magari ya mashindano, na huko inakofaa ndiko iachwe.

Mfano mzuri wa namna watengenezaji walivyofikiri ni kitabu cha gari la MGB, gari dogo la michezo lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980. Kilitaja temostati tatu: nyuzi 82 kwa matumizi ya kawaida, 74 kwa nchi za joto, na 88 kwa nchi za baridi. Injini ni ileile, rejeta ni ileile. Kinachobadilika ni kipuri kinachotosha kwenye kiganja. Kati ya namba ya juu na ya chini kuna nyuzi 14 tu, na watengenezaji waliona zinastahili vipuri vitatu tofauti. Katika enzi hiyo mwenye gari aliweza hata kufunga ya 88 majira ya baridi yakianza, akarudisha ya 82 wakati wa kiangazi. Kwa gari lenye kabureta, lisilo na kompyuta ya kulalamika, huo bado ni utaratibu wa busara.

Sababu ya kuelekea 88 badala ya 74 huanza kwenye rejeta. Rejeta hutoa joto kulingana na tofauti kati ya maji yaliyomo na hewa inayoipiga. Maji yakiwa nyuzi 88 na hewa ya Dar es Salaam ikiwa 32, tofauti ni 56. Maji hayo hayo Winnipeg, Kanada, usiku wa Januari wenye nyuzi 30 chini ya sifuri, yanakutana na tofauti ya 118. Rejeta iliyopimwa iweze kuiokoa injini kwenye joto la kiangazi sasa ina nguvu zaidi ya maradufu, na haina habari kwamba haihitajiki. Upepo wa barabarani unaongezea. Gari likiteremka mlima mrefu, mguu ukiwa umeachia mafuta, injini inaweza kupoa kuliko nyuzi za temostati hata valvu ikiwa imefunga kabisa, kwa sababu bloku lenyewe, oili na hita vinaendelea kutoa joto. Basi katika baridi kali temostati hupitisha maji kidogo mno, na injini hukaa karibu sana na namba iliyogongwa kwenye kitako. Ukichagua 74, utaendesha kwenye 74. Pwani namba hiyo hupitwa mara nyingi, kwa maana jua na foleni huisukuma injini juu yake.

Kinachoumia kwanza injini ikikaa baridi ni oili. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita 1. Karibu yote hutoka kwenye ekzosi yakiwa mvuke; huo ndio moshi mweupe unaoonekana nyuma ya kila gari asubuhi ya baridi. Lakini sehemu ndogo ya gesi hupenya kwenye ringi za pistoni na kuteremka kwenye sampu, chombo cha oili kilicho chini ya injini. Ikiikuta injini ina joto, mvuke hutoka tena kupitia njia ya kupumulia. Ikiikuta baridi, hugeuka maji, maji yakachanganyika na oili, na yakiungana na mabaki ya moto huzaa tindikali. Dalili yake ni ute mweupe wenye unjano kama mayonezi chini ya mfuniko wa oili. Dereva akiuona hudhani gasketi ya silinda hedi imekufa, naye pengine ana gari zima ila safari zake ni fupi na temostati yake haifungi.

Petroli nayo ina lake. Kwenye baridi haigeuki mvuke vizuri, hivyo injini hulishwa nyingi zaidi ili iwake. Ile isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka sampu, ambako huifanya oili kuwa nyepesi. Utafiti uliofanywa Uingereza katika miaka ya 1930 ulionyesha kuwa silinda za injini inayoendeshwa ikiwa baridi huliwa haraka, na kwamba mlaji mkubwa ni kutu inayoletwa na unyevu wenye tindikali. Mafundi wa wakati ule walidhani ni msuguano peke yake. Tangu hapo hoja ya kuiendesha injini ikiwa na joto la kutosha haijapata mpinzani wa maana. Maji ya injini hupata joto upesi kuliko oili, kwa hiyo mshale wa dashibodi ukifika katikati bado oili iko nyuma. Kila nyuzi inayoongezwa kwenye maji huisogeza oili kuelekea nyuzi 100, ambako unyevu hutoka wenyewe.

Magari ya kisasa yana sababu nyingine, nayo ni kompyuta ya injini. Kompyuta husoma joto la maji, na maji yakiwa baridi huongeza mafuta, huchelewesha gia za otomatiki zisishikane kikamilifu, na huahirisha baadhi ya ukaguzi wa mfumo wa moshi. Kwa magari yanayouzwa Marekani, sheria za hewa safi zilifanya nyuzi 91 kuwa jambo la kawaida kuanzia miaka ya 1970. Gari lililobuniwa kwa nyuzi 91 likifungwa temostati ya 71 linaweza kubaki kwenye hali ya kuamka safari nzima, likila mafuta bure. Baada ya muda taa ya injini huwaka, na mashine ya kusomea makosa huonyesha P0128: maji hayajafikia joto ambalo temostati ilipaswa kuyafikisha. Msimbo huo hutokea sana majira ya baridi, na mara nyingi hauna kisa kirefu. Temostati imechoka na haifungi sawasawa.

Halafu kuna hita, jambo ambalo abiria hulijua kuliko mengine yote. Maji ya hita hayapiti kwenye temostati. Huchukuliwa upande wa injini, ili joto lianze kuingia ndani ya gari hata rejeta ikiwa bado imefungiwa. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, au katika miji ya Edmonton na Winnipeg, ambako siku hizi wapo Wakongo, Wakenya na Watanzania wanaoendesha malori na teksi, hita ndiyo inayoondoa barafu kwenye kioo cha mbele. Bila hiyo dereva haoni njia. Hata hivyo faida ya namba ya juu kwa hita isitiwe chumvi. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri, maji ya 82 yako nyuzi 112 juu yake, na ya 91 yako 121. Ongezeko ni kama asilimia 8. Hita inayotoa hewa ya uvuguvugu haitaponywa na kutoka 82 kwenda 91. Ukaguliwe kwanza uwezekano wa temostati iliyokwama wazi, kulanti iliyopungua, hewa iliyonaswa kwenye mabomba, au kirejeta cha hita kilichoziba.

Injini za dizeli zina tabu ya pekee hapa. Hutumia mafuta vizuri, maana yake hupoteza joto kidogo, na zikiunguruma bila mzigo hutoa joto kidogo kiasi kwamba hita peke yake inaweza kulimaliza. Gari likisimama saa nzima kwenye baridi, injini ikiwaka, mshale huteremka badala ya kupanda. Kwa sababu hiyo magari mengi ya dizeli yanayouzwa Ulaya ya kaskazini huongezewa hita ya umeme, au hita ndogo inayochoma mafuta yenyewe, kama zile za Webasto na Eberspächer za Ujerumani. Hakuna namba ya temostati inayoweza kuzalisha joto ambalo injini haikulitengeneza.

Kama joto ni jema, mbona isiwekwe temostati ya nyuzi 100? Kwa injini ya kawaida, hewa inayoingia ikiwa moto sana petroli huanza kugonga, na oili huwa nyepesi kupita kiasi kwenye mzigo mkubwa. Feni ya umeme ya magari mengi huwaka kati ya nyuzi 93 na 100, hivyo temostati na feni zitakuwa zinagombana. Pia akiba iliyobaki kabla ya kuchemka hupungua. Kulanti ya nusu kwa nusu chini ya mfuniko wa shinikizo la bar 1 huchemka karibu nyuzi 129, lakini mfuniko uliochakaa hukirudisha kiwango hicho karibu na 108. Zipo injini zilizobuniwa kwa joto kubwa zaidi: tangu miaka ya 1990 BMW na wengine wametumia temostati yenye kipashio cha umeme ndani ya nta, ambayo kompyuta ikiiacha bila umeme hungoja hadi nyuzi 105, na injini ikibebeshwa mzigo kipashio huwashwa ili ifunguke mapema. Temostati hiyo ni sehemu ya mpango mzima wa injini. Haibadilishwi kwa ya kawaida.

Mahali ilipo temostati nako kuna maana. Kwenye injini nyingi za zamani imekaa panapotokea maji ya moto, juu ya injini. Ikifunguka kwenye baridi kali, maji yaliyokuwa yamelala rejetani kwenye nyuzi chini ya sifuri huingia ghafla kwenye bloku, valvu hujifunga tena, na mshale hupanda na kushuka kwa dakika kadhaa. Injini nyingi za Kijapani na za Ulaya huiweka panapoingilia maji, karibu na pampu, ili ihisi mchanganyiko wa maji ya baridi na ya moto na kufunguka kwa upole. Si kila mahali mpango huo ulifaulu. Injini ya Rover K, iliyotumika pia kwenye Land Rover Freelander, ilikuwa na maji machache na temostati upande wa kuingilia, na mshituko wa joto ni moja ya sababu zilizotajwa za kufa kwa gasketi zake za silinda hedi. Baadaye mtengenezaji alileta temostati iliyofungwa mbali na injini, inayofunguka kwa joto na kwa msukumo wa maji vilevile.

Kulanti lazima iendane na chaguo hilo. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu ethilini glaikoli huganda karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Asilimia 60 ya glaikoli huusogeza hadi karibu 52 chini ya sifuri, na hiyo inatosha Fairbanks ya Alaska. Kuzidisha hakusaidii: glaikoli tupu huganda kwenye nyuzi 13 tu chini ya sifuri, na hubeba joto kidogo kuliko maji. Mwenye kulanti dhaifu anaweza kukutwa na ajabu ya kweli, injini kuchemsha kwenye barafu. Temostati ikiwa imefunga, maji ya rejetani hayatembei, upepo unayagandisha njiani, na valvu inapofunguka hakuna panapopita. Kuilaumu temostati hapo ni kumwonea asiye na kosa.

Vipo visaidizi. Hita ya bloku, kifaa cha umeme kinachopasha maji ya injini gari likiwa limeegeshwa, hataza yake alipewa Andrew Freeman wa North Dakota, Marekani, mwaka 1949. Ndiyo sababu kwenye maegesho mengi ya Kanada ya magharibi kuna soketi za umeme na nyaya zinazoning'inia mbele ya magari. Malori hufungwa pazia la rejeta. Pazia lisizibe kila kitu, kwani injini yenye turbo inahitaji hewa kwenye intakula, kipozaji cha hewa inayoingia kwenye injini, na siku ya jua likisahaulika injini hukosa pa kupumulia. Vyote viwili husaidia temostati nzima. Havichukui nafasi ya kubadilisha iliyokwama wazi.

Afrika Mashariki inagusana na jambo hili kwa njia nyingine. Mafundi wengi huitoa temostati na kuitupa, wakisema nchi za joto haziihitaji. Asubuhi ya Njombe, Tanzania, au Timboroa, Kenya, si baridi ya Winnipeg, lakini hata kwenye nyuzi 30 za Mombasa injini isiyo na temostati huchelewa kupata joto, na oili huumia kwa namna ile ile iliyoelezwa. Kwenye injini nyingi za Toyota kuna hatari zaidi: temostati yake ina kisahani cha chini kinachoziba njia ya pembeni valvu inapofunguka. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi daima, sehemu ya maji huzunguka injini bila kufika rejetani, na gari lililotolewa temostati lisichemshe huchemsha kwa kukosa temostati.

Kuipima ni rahisi. Huning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, bila kugusa kitako cha sufuria, na moto ukapandishwa polepole. Ya 82 ianze kufunguka karibu na 82, na ikipoa ifunge pasionekane mwanga. Kwenye miinuko pana tatizo dogo: Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo temostati ya 88 itaonekana ikianza kufunguka lakini haitafika mwisho wake kwenye sufuria, na huo si ubovu. Wakati wa kuifunga, kikombe cha nta huelekea upande wa injini, na kitundu cha kutolea hewa hukaa juu. Kitundu hicho kisiongezwe wala kisipanuliwe kwa gari la nchi ya baridi, maana kila tone linalopita hapo kabla ya wakati hurudisha nyuma joto la injini.

Mwenye gari la kisasa atakayeishi nalo kwenye baridi kali asitafute namba ya kujitungia. Aangalie iliyoandikwa na mtengenezaji kwa injini yake, ambayo kwa magari mengi ni kati ya 82 na 92. Zikitajwa mbili, moja ya joto na moja ya baridi, achukue ya juu, na akiwa na shaka asiteremke chini ya iliyokuja na gari. Temostati ya umri mkubwa ibadilishwe pamoja na gasketi yake kabla theluji haijaanza, kulanti ipimwe siku hiyo hiyo, na hewa itolewe kwenye mabomba hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho.